Ukitaka Kuanza Gofu, Kataa Seti Mpya

Leo nitawakera watu wa aina mbili kwa mpigo mmoja.

Wa kwanza ni mzazi ambaye kijana wake ametaja gofu mara moja tu mezani, na kufikia Jumamosi mzee ashafika dukani, anafungiwa seti nzima inayong'aa, begi, glavu, kofia na taulo ndogo ya kuning'iniza. Wa pili ni yule anayefungua stoo, anatoa fimbo zake za tangu enzi za Moi, nzito kama nondo za ujenzi, na kumwambia mtoto wa miaka 13, "Anza na hizi, ukijua kucheza tutaona." Wote wawili wanampenda mtoto, sikatai. Lakini wote wawili wanamharibia mchezo kabla hajagonga mpira wa mia.

Msimamo wangu ni huu: kijana anayeanza gofu atafutiwe fimbo zilizotumika, chache, na zinazoutosha mwili alionao leo. Zilizotumika na zinazomtosha. Hayo mambo mawili hutembea pamoja kama chapo na madondo. Ukichukua moja ukaacha lingine, umebaki na njaa.

(Nasema "fimbo" makusudi. Nikisema "klabu" mtadhani naongea juu ya yale majumba yenye wanachama na geti.)

Najua kuna msee hapo nyuma ashasema, "Gofu? Sisi wa Umoja na Kayole gofu inatuhusu nini?" Buda, ngoja. Hii habari inakuhusu wewe kuliko mtoto wa Karen. Yeye akikosea kununua, atanunuliwa zingine mwezi ujao. Wewe ukikosea, ama mzazi wako akitishwa na bei ya dukani akaghairi, mlango umefungwa. Na nimechoka kuona mlango ukifungwa na kitu cha kijinga kama rangi mpya kwenye kipande cha chuma.

Mitumba ni aibu lini?

Tuanze na ile sababu ambayo watu hawaisemi kwa sauti: aibu. "Mtoto wangu hawezi kwenda mbele za watu na fimbo za mitumba."

Manze, ni Kenya gani hii tunaongelea? Hapa ndipo wasee huamka saa kumi na moja asubuhi kukimbilia Gikomba ama Toi ili wapate kamera kabla bale haijachaguliwa. Jaketi unalopiga nalo picha limeshavaliwa na mtu mwingine ng'ambo, na hakuna anayekuuliza risiti.

Na magari je? Magari mengi yanayoingia nchini ni yale yaliyotumika, mengi yakitoka Japani. Sheria yetu inaruhusu kuingiza gari lililotumika bora lisipite miaka 8. Kwa hivyo kuna baba mahali fulani anayeendesha gari lililobeba familia nyingine miaka saba, analipenda, analiosha kila Jumapili, halafu anasema binti yake hawezi kushika fimbo iliyotumika miaka miwili. Gari lina injini, gia, breki, vitu mia vya kuharibika. Fimbo ina vitu vitatu: kichwa, shafti na mshiko. Nani hapa anafikiria kwa kichwa na nani anafikiria kwa macho ya majirani?

Mpira haujui bei

Twende kwenye fimbo yenyewe, maana sitaki mseme napiga domo tu.

Hasara ya fimbo iliyotumika ni nini hasa? Mwenye duka atakuambia teknolojia. Sawa, tuongee teknolojia. Fimbo kubwa kuliko zote, draiva, imewekewa mipaka na sheria za gofu. Tangu 2004, kichwa chake hakiruhusiwi kuzidi sentimita za ujazo 460. Na uso wake pia umewekewa kikomo cha namna unavyoweza kuurusha mpira kama springi. Hiyo inamaanisha draiva iliyotengenezwa miaka kumi iliyopita na ile iliyotoka mwaka huu ziko ndani ya uzio ule ule. Mpya inaweza kukusaidia kidogo ukigonga pembeni. Lakini wewe unayeanza shida yako si mita tano zaidi. Shida yako ni kuugonga mpira badala ya kuwagonga mchwa.

Fimbo za chuma nazo, zile za namba, hadithi ni ile ile. Zamani zilikuwa na kichwa chembamba kilichojaa, ukikosa katikati kidogo tu mkono mzima unapigwa shoti. Kisha wakatokea watu kama Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norway aliyefanya kazi General Electric kule Marekani na baadaye akaanzisha Ping. Wazo lao lilikuwa rahisi: toa chuma mgongoni mwa kichwa, kisogeze pembeni, ili hata ukigonga vibaya kichwa kisijipinde sana mikononi. Ping Eye 2 ilitoka 1982 kwa wazo hilo. 1982! Wazazi wengi wenu walikuwa hawajazaliwa ama walikuwa wanatambaa. Kwa hivyo ukipata fimbo zenye uwazi mgongoni za 2008 ama 2014, usidhani umepewa jembe la makumbusho. Msaada mkubwa anaouhitaji mwanafunzi ulishaingia kwenye chuma kitambo sana.

Na kama bado unataka ushahidi wa mtu, mchukue Severiano Ballesteros. Huyu ni Mhispania wa kijiji cha Pedreña. Alijifunza akiwa mtoto, akipiga mipira kwenye mchanga wa ufukweni kwa fimbo moja kuukuu namba 3 aliyoipata kwa kaka yake. Mwaka 1978 alikuja hapa Nairobi akabeba Kenya Open. Mwaka uliofuata akabeba The Open kule Uingereza. Sisemi uanze na fimbo moja; Seve alikuwa Seve. Nasema tu kwamba fimbo ya kuukuu haikumzuia.

Hata hapa kwetu, ukiwauliza wachezaji wetu wa kulipwa walivyoanza, wengi watakurudisha kwenye ukedi: kubeba mifuko ya wengine, kuazima fimbo, kupiga shimo mbili tatu jioni wanachama wakiwa wameenda zao. Gofu ya Kenya imejengwa na fimbo zilizotumika. Anayeona aibu na mitumba kwenye gofu hajui historia ya nyasi anazozikanyaga.

Mwili wako haujamaliza

Sasa hii ndiyo sababu inayoua mjadala wote. Wewe unakua.

Kijana akiwa kwenye ile miaka ya kurefuka ghafla, anaweza kuongeza sentimita nane, tisa ama zaidi kwa mwaka mmoja tu. Mathee analijua hilo vizuri, ndiye anayenunua suruali ya shule Januari na kuiona imekuwa ya mafuriko kufikia Novemba. Sasa fikiria umepimwa dukani, umeuziwa fimbo mpya zilizokatwa sawasawa na urefu wako, bei ya kuuza mbuzi. Miezi kumi na minne baadaye umeinama kama mtu anayepalilia sukuma wiki. Pesa imekwenda, na ukitaka kuziuza, hakuna atakayekurudishia bei ya mpya. Ulipozitoa tu kwenye nailoni zilikuwa zishageuka mitumba. Tofauti ni kwamba wewe ndiye uliyelipia huo mshuko.

Anayenunua zilizotumika ameshamwachia mtu mwingine hasara hiyo. Akizitunza, mwaka ujao ataziuza kwa bei isiyo mbali sana na aliyonunulia, aongeze kidogo, achukue zinazofuata.

Hata watengenezaji wenyewe wanakubali. U.S. Kids Golf hutengeneza fimbo za watoto kwa kufuata urefu, na kila inchi tatu kuna saizi nyingine. Kampuni yenyewe inakuambia waziwazi kwamba mtoto atahama. Sasa wewe unalilia mpya ya nini kwenye nyumba ambayo unajua utahama?

Lakini "zozote tu" ni sumu pia

Hapa ndipo naachana na wale wanaonipigia makofi haraka. Kuna watu wakisikia "zilizotumika" wanasikia "chochote kilichopo." La hasha.

Mjomba wangu ana binti wa miaka 14. Sitamtaja jina, hapendi kuwekwa mtandaoni. Alipoanza kujifunza, mjomba aliazima kwa mwenzake wa kazini seti ya wanaume, shafti za chuma, ngumu, ndefu. Wiki ya kwanza mipira ilikuwa inaburuzika kwenye nyasi kama panya aliyefukuzwa. Wiki ya tatu kifundo cha mkono kinauma. Wiki ya nne msichana akasema, "Baba, mimi sina kipaji."

Mjomba akaruka hadi upande wa pili. Akaenda dukani kuuliza bei ya seti mpya. Alirudi kimya, maana aliyotajiwa ilikuwa inazidi karo ya muhula. Akanipigia simu.

"Wewe si unajuanga haya mambo? Niambie ukweli, tuache?"

"Mjomba, msiache. Shida si mtoto. Shida ni hizo fimbo."

Tukaenda naye kwenye uwanja mmoja ambapo kuna kedi mzee, mtu aliyebeba mifuko kuliko miaka niliyoishi. Mzee hakuuliza bajeti. Alimwangalia binti akipiga mara mbili, akatikisa kichwa, akaingia ndani na kutoka na namba saba ya wanawake, shafti ya grafaiti, imechubuka kila mahali.

"Binti yangu, hebu jaribu na hii. Usiipige kwa hasira."

Mpira wa kwanza, vumbi. Wa pili, vumbi. Wa tatu ukapaa. Wa nne ukaburuzika tena, sitawadanganya kwamba ilikuwa sinema. Lakini alikuwa anacheka, na hakuna aliyesikia tena habari za kipaji. Wiki hiyo mjomba akanunua fimbo sita kwa mwanachama aliyekuwa anambadilishia mkewe seti. Akatuma M-Pesa, akabeba, kwisha. Msichana bado anacheza.

Angalia kilichotokea. Mtoto alikuwa amejihukumu yeye mwenyewe kwa kosa la chuma. Ni vijana wangapi wameacha mchezo, si gofu tu, mchezo wowote, kwa kuamini ni wabovu, kumbe walipewa kifaa cha mtu mwingine? Hilo ndilo linaloniuma. Pesa hurudi. Ukishaamini kwamba huwezi, kurudi ni kazi.

Jinsi ya kujua inakutosha

Shika namba saba, simama kama unataka kupiga, kichwa cha fimbo kiguse chini. Kiwe kimelala vizuri. Kama ncha ya mbele inaangalia mawinguni sana, fimbo ni ndefu kwako. Kama lazima uupinde mgongo ndipo uufikie mpira, ni fupi. Ikiwa ndefu kwa inchi moja hivi, shika chini kidogo, utaikuta baada ya miezi michache. Ikizidi hapo, iache.

Namba saba ya wanaume huwa na inchi 37 hivi, ya wanawake hupungua kama inchi moja. Vijana wengi wa miaka 13 ama 14, wavulana kwa wasichana, hutoshwa vizuri na za wanawake. Na wewe kijana wa kiume unayekunja uso hapo: hakuna mtu uwanjani anayesoma maandishi kwenye shafti yako. Wanaangalia mpira umeenda wapi. Ukiwa chini ya futi tano, tafuta za watoto.

Kisha ugumu. Shafti huwekewa herufi: L, A, R, S, X, kutoka laini hadi ngumu. Anayeanza abaki kwenye tatu za kwanza. S na X ni za watu wanaozungusha fimbo kwa kasi ya kutisha. Na ukipata grafaiti badala ya chuma, chukua, ni nyepesi.

Usikubali fundi akukatie seti ya baba nusu mguu na kukwambia iko fiti. Ukikata shafti inazidi kuwa ngumu, na kichwa kinabaki na uzito wake ule ule wa mtu mzima. Umepata fimbo fupi ya mtu mzima, hujapata fimbo ya kijana. Na kama wewe ni wa mkono wa kushoto, tafuta za kushoto. Usikubali kugeuzwa kwa sababu za kulia ndizo zilizopatikana.

Ukaguzi kabla ya kutuma pesa

Ingia kwenye huo ununuzi ukiwa na macho ya mama mboga anayechagua nyanya.

Itazame shafti kwa jicho moja kutoka juu hadi chini, kama fundi anavyotazama mbao. Ikiwa imepinda, rudisha. Kama ni grafaiti, pitisha kidole polepole. Mchubuko wa rangi si neno, ufa ni kifo. Shika kichwa kwa mkono mmoja na shafti kwa mwingine, jaribu kuvizungusha. Kikicheza, gundi imeachia. Kitikise karibu na sikio. Kikilia kama kayamba, kuna kitu kimelegea ndani.

Kutu kidogo juu ya chuma isikutishe, hasa kama fimbo zimetoka Mombasa ama Kilifi ambako hewa ya bahari haina huruma. Inasuguliwa inatoka. Kutu iliyokula shafti hadi imeacha mashimo, hiyo waachie wa vyuma kuukuu.

Mshiko ukiwa umekauka na kuteleza kama sabuni, usikatae fimbo. Tumia hiyo kushusha bei, halafu peleka abadilishiwe. Ni kazi ndogo, na kwangu mimi mishiko na glavu ndivyo vitu viwili vinavyostahili kuwa vipya.

Sasa mambo ya usalama. Mtu akikuletea draiva ya mwaka huu, jina kubwa, kwa bei ya viatu vya shule, hiyo ni feki. Fimbo bandia zimejaa duniani na majina makubwa ndiyo yanayoigwa zaidi. Ndiyo maana nakushauri ununue ya miaka kadhaa nyuma, kwa mtu anayejulikana: mwanachama anayebadilisha zake, duka la ndani ya uwanja, mwalimu, kedi aliyekaa hapo miaka. Na uliza zimetoka wapi. Begi likiwa na jina la mtu na muuzaji hajui huyo mtu ni nani, toka hapo mbio. Hatujengi mchezo wetu kwa mali ya wizi.

Fimbo sita zinatosha, hata tano

Sheria inaruhusu mchezaji abebe fimbo zisizozidi 14. Isome tena: zisizozidi. Hakuna mahali palipoandikwa lazima zifike 14. Duka linakuuzia kikomo kana kwamba ni kiwango cha chini.

Wewe chukua namba saba, namba tisa, weji moja, ya mchanga, fimbo ya grini ya kuusukuma mpira shimoni, na haibridi moja ya kupigia mbali. Draiva inaweza kungoja. Ukiwa na fimbo chache unajifunza kuzitumia kwa njia tofauti, kupunguza nguvu, kuubana mpira chini, kuunyanyua. Na begi ni jepesi, maana kumbuka hutakuwa na kedi. Utabeba mwenyewe, pengine ndani ya matatu, na makanga hatakuhurumia kwa sababu wewe ni mwanamichezo.

Najua mtasema nini

"Seti mpya itampa motisha." Itampa, kwa wiki mbili. Baada ya hapo motisha hutoka kwa mpira unaopaa. Tena seti ya bei ghali humpa kijana mzigo mwingine: kila akikosa anahesabu pesa za wazazi. Akitaka kuacha anaogopa kusema. Anayecheza kwa uoga wa deni hachezi, anafanya kazi bila mshahara.

"Watamcheka." Waache. Gofu ina ustaarabu wake: wengi watakukaripia kwa kuongea mtu akipiga ama kwa kukanyaga njia ya mpira wa mwenzako kwenye grini. Jifunze hayo, ni ya bure.

"Kuna seti mpya za wanaoanza, si ghali sana." Hoja nzuri, naikubali nusu. Kama umetafuta zilizotumika ukakosa saizi yako, au wewe ni wa kushoto na hazipatikani, seti ndogo mpya ya wanaoanza si dhambi. Na kama umeacha kurefuka, umecheza miaka miwili mfululizo, una mwalimu anayejua unavyopiga, basi nenda kapimwe ununue mpya, umeipata kwa jasho. Ninachopinga ni mpya kama kiingilio. Ninachopinga ni mtoto kuambiwa kwamba bila mpya asianze.

Na zile pesa zinazobaki? Hapo ndipo mchezo ulipo. Chukua bei ya seti mpya, toa bei ya fimbo sita zilizotumika, kinachobaki kigawe kwa masomo na ndoo za mipira ya mazoezi. Kijana mwenye fimbo zilizochubuka na masomo kumi atamwacha mbali kijana mwenye seti ya kung'aa na masomo sifuri. Pale Ngong Racecourse kuna Golf Park, unaweza kwenda kupiga mipira bila kuwa mwanachama wa chochote. Junior Golf Foundation nao wapo kwa ajili ya watoto na vijana wanaotaka kushindana. Nauli, masomo na mipira vinamjenga mchezaji. Rangi mpya inajenga picha tu.

Neno kwa wenye stoo

Mwisho nina ujumbe kwa wakubwa, na wewe kijana umsomee mzazi wako kwa sauti.

Kuna fimbo nzuri kabisa zimelala kwenye stoo na maboksi ya magari Nairobi, Nakuru, Eldoret, Nyeri, Mombasa. Za mke aliyecheza mara tatu akaacha. Za kijana aliyeenda chuo ng'ambo. Za mtu anayebadilisha seti kila tangazo jipya likitoka. Mnangoja nini? Zitoeni. Uzeni kwa bei ya utu, ama zipelekeni kwa mwalimu wa vijana aliye karibu, ama mpeni mtoto wa kedi anayewabebea mfuko kila Jumamosi na ambaye amewaona mkipiga miaka yote bila kuguswa na mtu begani aambiwe, "Jaribu."

Na wewe mwenye miaka 15 unayesoma hii ukiwa nyuma ya matatu: usiombe seti mpya. Omba namba saba moja inayokutosha, na mtu wa kukuonyesha jinsi ya kuishika. Ukiipata hiyo, umeshaanza gofu. Hivyo vingine vitakukuta njiani.